Chai Tamu Isiyo na Sukari: Uchambuzi wa Kisa cha Jiko Moja la Likoni

Jumanne moja ya mwezi wa Machi, saa mbili kasorobo usiku, binti ya kaka yangu, msichana wa miaka 14, alinipigia simu kutoka Likoni, ng'ambo ya feri ya Mombasa, kunieleza kwamba bibi yake alikuwa akitetemeka, ametokwa na jasho hadi kanga ikamgandama mwilini, na kila akiulizwa hili anajibu lile. Mama yetu ana umri wa miaka 67 na huu ni mwaka wake wa tisa akiishi na kisukari, kwa hivyo sikuhitaji maelezo zaidi. Niliuliza kama amejidunga insulini, dawa yake ya kushusha sukari ya damu, nikaambiwa amejidunga tangu saa kumi na mbili na nusu. Niliuliza kama amekula, nikaambiwa bado, kwa sababu mama mwenye nyumba hajavuka feri. "Mpe chai ya sukari sasa hivi," nikamwambia, "na uitie sukari sana, usiogope." Mtoto akaitika, "Haya, shangazi," akaenda akafanya vile vile alivyosikia, na baada ya dakika ishirini hali ya mama ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Chai ile ilikuwa tamu. Binti aliitia vidonge vinne vya kile ambacho nyumbani kwao kilikuwa kikiitwa sukari, akaikoroga, akaionja kwanza, kisha akamnywesha bibi yake kwa kijiko. Vidonge hivyo vilikuwa vya sakarini, utamu bandia usio na sukari ndani yake. Sukari yenyewe, ile ya kununua kwa kilo dukani, ilikuwa haimo ndani ya nyumba kwa muda wa miezi saba, na aliyeshauri iondolewe ni mimi. Mama aliokolewa na jirani wa mlango wa pili aliyesikia mtoto akilia, akaja na sukari ya kwake iliyokorogwa kwenye maji, pamoja na kijana wake aliyejua kutumia kile kipimo cha damu kilichokuwa kimelala kabatini. Kipimo kilisoma milimoli 2.9 za sukari kwa lita ya damu, na chini ya 4.0 ni hatari. Baada ya robo saa kilisoma 3.7, akanyweshwa tena, na kilipofika 5.4 mama akaomba aletewe ushungi wake. Hapo ndipo sote, mimi nikiwa bado kwenye simu huku Makadara, ng'ambo ya maji, tulipojua kwamba amerudi.

Ninakiandika kisa hiki kwa idhini ya mama na ya wifi yangu, bila majina yao, kwa sababu nimefundisha sayansi kimu kwa miaka 18 na nilidhani jambo hili nalijua. Nilikuwa nalijua vipande vipande. Nilijua habari za vikoleza utamu, na nilijua habari za kupika haraka, lakini sikuwahi kuona kwamba katika nyumba kama ile mambo hayo mawili ni jambo moja. Utamu bandia ulienea pale kwa sababu chakula cha usiku hakikuwa na saa yake, na sukari ya damu ya mgonjwa ikashuka kwa sababu hiyo hiyo.

Nyumba ina watu sita: mama, kaka yangu, wifi yangu, na watoto wao watatu wenye miaka 14, 10 na 6. Kaka anafanya kazi katika bohari moja Shimanzi, na wifi ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Wote wawili huvuka feri asubuhi na jioni, na mkazi yeyote wa Likoni anajua kwamba mtu anayetoka kazini Kisiwani saa kumi na moja huenda akafika kwake saa kumi na mbili, na huenda akafika saa mbili, na hana la kufanya. Wifi yangu ni mpishi wa kweli. Alilelewa Kibokoni na bibi yake aliyekuwa akiitwa kupika katika arusi, na kwake yeye mchuzi ni mpaka nazi ikunwe, tui zito litengwe na tui jepesi, na vitunguu vikaangwe taratibu mpaka viive. Hakubali kupika chakula cha kubahatisha. Kwa hivyo siku ambazo feri imemchelewesha, na katika juma zilikuwa siku tatu au nne, hakuwa akipika kabisa. Alikuwa akinunua viazi karai, bhajia na chapati pale pale kwenye kituo cha feri, na kwa watoto akiongeza chupa ya sharubati. Jambo hili ni la kuzingatiwa, kwa sababu wengi hudhani anayenunua chakula cha barabarani ni mvivu au hajui kupika. Wifi yangu alikuwa akinunua kwa sababu anajua kupika kupita kiasi cha muda alio nao.

Vidonge viliingia nyumbani mwezi wa Agosti, baada ya mama kuambiwa kliniki aache sukari. Nilimnunulia kikasha cha vidonge 300, na kwa matumizi ya vidonge vitano kwa siku kilimtosha miezi miwili kamili. Nikashauri pia sukari iondolewe, ili mama asishawishike. Kwa mtazamo wa siku ile ushauri ulikuwa wa huruma. Lakini nyumba haiwezi kukaa bila kitu cha kutia kwenye chai, na kidogo kidogo wengine wakaanza kutumia vidonge vya mama. Nilipokuja kufanya hesabu, wiki moja baada ya ule usiku, kikasha cha vidonge 300 kilikuwa kikiisha kwa siku kumi na moja. Niliketi na wifi tukahesabu kwa vidole: mama vitano kwa siku, kaka tisa, vikombe vitatu vya chai kwa vidonge vitatu kila kimoja, wifi sita, binti mkubwa vinne, na wadogo vitatu katika uji wao wa asubuhi. Kaka aliongeza soda ya chupa isiyo na sukari kila siku kazini. Sharubati ya watoto, nilipoigeuza nyuma na kuisoma, ilikuwa na sukari, na chini yake nambari 951 na 950. Msomaji anayetaka kufanya hesabu kama hiyo kwake na azitafute kwenye lebo nambari hizi za vikoleza utamu: 950 ni asesulfemu, 951 ni aspateni (aspartame), 952 ni saiklameti, 954 ni sakarini na 955 ni sukralosi.

Wifi alishangaa, kisha akasema neno ambalo tangu siku ile nimelirudia darasani mara nyingi. "Mimi nilijua tumeacha sukari, wifi. Kumbe hatukuacha tamu."

Hapo ndipo penye kiini. Ulimi wa nyumba nzima ulibaki pale pale ulipokuwa, au ulisogea mbele, kwa sababu kidonge hakina gharama ya kumfanya mtu asite. Aspateni ina utamu wa takriban mara 200 ya sukari, sakarini mara 300 hadi 400, na sukralosi yapata mara 600. Mtoto wa miaka sita aliyezoea uji wa namna hiyo akipewa embe dodo lililoiva husema halina ladha, na huyu wetu alisema hivyo hivyo mbele yangu. Tena neno "bila sukari" lilikuwa limegeuka ruhusa. Wifi aliwahi kunionyesha kwa fahari mahamri aliyoyapika kwa unga wa aspateni badala ya sukari. Yalikuwa yamepauka, kwa sababu sukari ndiyo inayosaidia hamri kupata ile rangi ya hudhurungi kwenye mafuta, na utamu wenyewe ulikuwa umepungua, kwa sababu aspateni huvunjika kwenye joto kali. Basi mara ya pili akazidisha unga ule mara mbili. Bado yalikuwa ni ngano nyeupe iliyozama kwenye mafuta, na kwa mwili wa mama ngano hiyo ilikuwa ni sukari inayokuja kwa mlango wa nyuma. Alikula manne, kwa kuwa aliambiwa hayana sukari.

Sasa nirudi kwenye kikombe cha chai, kwa sababu pale pana somo ambalo kila nyumba yenye mtu anayejidunga insulini inalihitaji. Sakarini iligunduliwa mwaka 1879 katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Baltimore, pale Constantin Fahlberg alipoketi kula na kuhisi utamu wa ajabu kwenye mikono yake. Imejulikana kwamba mwili hauitumii: huingia, huuambia ulimi kwamba kuna utamu, kisha hutoka na mkojo vile vile ilivyoingia. Sukralosi nayo kwa sehemu kubwa hupita bila kufyonzwa. Aspateni humeng'enywa, lakini kiasi chake katika kikombe ni kidogo mno kiasi kwamba hakiwezi kuipandisha sukari ya damu. Hiyo ndiyo sifa inayomfaa mgonjwa wa kisukari siku zote, na ndiyo inayoweza kumdhuru siku ile moja sukari inaposhuka. Mama alikuwa na insulini inayofanya kazi ndani ya damu yake na hapakuwa na chakula cha kuipa kazi. Alihitaji gramu 15 hadi 20 za sukari halisi, yaani vijiko vinne au vitano vya chai vilivyosawazishwa, kisha apimwe tena baada ya dakika 15, na akiwa bado chini ya 4.0 arudiwe, na akishatulia apewe chakula, kwa sababu sukari ya kunywa haikai. Tulimpa utamu mtupu. Na lau angekuwa amezimia, hata sukari isingefaa kutiwa kinywani, maana angepaliwa. Mtu wa hali hiyo hulazwa kwa ubavu na kukimbizwa hospitali.

Lakini je, binti alikosea? Nimeyapima maneno yangu ya simu mara nyingi na nimeona kwamba hakukosea hata kidogo. Katika Kiswahili chetu cha kila siku ugonjwa ni sukari: "Mama ana sukari." Kipimo cha damu ni sukari: "Sukari yake imepanda." Dawa za kumeza ni vidonge vya sukari. Na katika nyumba ile, kikasha cha sakarini nacho kiliitwa vidonge vya sukari, kikakaa kwenye kabati moja na vidonge vya mama vya asubuhi, ambavyo kazi yake ni kuishusha sukari. Nilimwambia mtoto "tia sukari", naye akatia kile ambacho wakubwa wake kwa miezi saba wamekuwa wakikiita sukari. Ninamshukuru Mungu kwamba mkono wake ulikwenda kwenye kikasha kile na haukwenda kwenye kile cha dawa kilichokuwa kando yake.

Kuna mjadala mwingine uliozuka siku zile, nami sitakawia nao. Binti mkubwa alikuwa amepokea kwenye simu maneno ya kwamba vidonge vyote hivi vinaleta saratani, akataka vitupwe. Ukweli ni kwamba Julai 2023 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka aspateni katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kundi ambalo ushahidi wake ni haba. Wakati huo huo kamati ya wataalamu wa viongeza vya chakula ilibakiza kiwango kile kile cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Na walitoa mfano kwamba mtu wa kilo 70 angehitaji makopo zaidi ya 9 hadi 14 ya soda ya aina hiyo kwa siku ili akivuke. Kaka yangu na chupa yake moja yuko mbali sana na hapo. Hofu ya sumu haikuwa ndiyo hoja ya nyumba ile, na nadhani hofu hiyo huwapoteza watu wengi njia. Mwongozo uliotuhusu zaidi ni ule wa Mei 2023, ambapo Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitumie vikoleza visivyo sukari kwa nia ya kudhibiti uzito, kwa kuwa havionyeshi faida ya muda mrefu katika kupunguza mafuta mwilini. Mwongozo huo uliwatoa watu ambao tayari wana kisukari. Kwa maneno mengine, ndani ya nyumba moja alikuwamo mtu mmoja ambaye vidonge vilikuwa vyake kwa haki, na watano ambao havikuwa vyao.

Tulianza na chakula. Nilikwenda Likoni Jumamosi mbili mfululizo, na siku ya kwanza wifi alinipinga. "Mchuzi wa barafu huo, wifi? Mimi sitamlisha mama mchuzi wa barafu." Sikumwomba apike vibaya. Nilimwomba aipike ile sehemu ngumu mara moja kwa juma, kwa namna yake mwenyewe, kwa utulivu wote anaoutaka. Tuliondoka alfajiri tukaenda Marikiti tukanunua vitunguu maji kilo moja na nusu, nyanya kilo mbili, vichwa vinne vya thomu, tangawizi, bizari na dania. Akavikaanga vitunguu kwa vijiko sita vya mezani vya mafuta, kipimo ambacho kwake kilikuwa kidogo mno, na kila vilipotaka kugandama alivitia maji kidogo badala ya mafuta. Ilichukua saa nzima. Vitunguu vilipokuwa rangi ya asali akatia thomu na tangawizi, kisha bizari, kisha nyanya, akazipika mpaka mafuta yakajitenga pembeni mwa sufuria. Alipoonja alinyamaza, na mimi namjua. Kunyamaza kwake ni kukubali. Tukagawa katika vikebe vinane vya plastiki, vikapoa, vikaingia kwenye friza. Nazi sita tulizikunisha kwa mashine pale pale sokoni, tukazifunga moja moja. Nazi iliyokunwa namna hiyo ikitolewa kwenye barafu na kumiminiwa maji ya uvuguvugu hutoa tui jema, na mimi mwenyewe nisingeweza kulitofautisha na la nazi iliyokunwa jioni ile. Kunde na mbaazi, ambazo ndizo zinazokula wakati na gesi, zilichemshwa siku hiyo hiyo na kugandishwa. Pojo hazihitaji hayo yote: zikirowekwa alfajiri, jioni huiva kwa nusu saa.

Jumatatu iliyofuata nilikaa na saa mkononi. Changu wadogo sita walikuwa wamesafishwa na mchuuzi, wamechanjwa, wamepakwa ndimu, thomu, bizari ya manjano, pilipili na chumvi kidogo tangu asubuhi. Sima ya mtama ilitangulia, ikafunikwa na kuviringishwa kwa taulo isipoe. Kikaango kizito kikapata moto na kijiko kimoja cha mafuta, samaki wakalala dakika sita upande mmoja na tano upande wa pili, kwa mikupuo miwili. Kwenye sehemu ya pili ya jiko kikebe kimoja kiliyeyuka ndani ya sufuria, mchicha mafungu mawili ukatiwa na kugeuzwa geuzwa dakika nne, kisha tui jepesi, kisha dakika tatu nyingine sufuria ikiwa wazi ili mchicha ubaki na ukijani wake. Kachumbari aliikata mtoto wa miaka kumi. Tangu kuwasha gesi hadi watu kunawa mikono zilipita dakika 37. Aliyepika ni kaka yangu, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuunga mchuzi, kwa kuwa siku hiyo yeye ndiye aliyetangulia kuvuka. Hilo ndilo tulilolipata ambalo sikulitarajia: mchuzi ukishapikwa nusu na mpishi hodari, nusu iliyobaki haimhitaji yeye, na chakula cha nyumba hakimsubiri mtu mmoja aliyekwama kwenye feri.

Tuliweka kanuni moja tu ya upishi, nayo ni kwamba nazi iingie kwenye chungu kimoja kwa kila mlo. Kama mchicha ni wa nazi, wali uwe mweupe. Kama ni wali wa nazi, basi samaki awe wa kuchoma na mboga iwe kavu. Wifi alisema kanuni hiyo inamuuma, na ninamwelewa, kwa maana kwa watu wa Pwani nazi ni adabu ya chakula. Amebakiza Ijumaa, ambapo nazi huingia popote apendapo.

Mama alirudi kliniki na daftari la vipimo vyake, na maelekezo aliyopewa yalikuwa mafupi: asijidunge kwa kutazama saa ukutani, ajidunge sima au wali ukiwa umeshatiwa motoni mbele ya macho yake. Anatumia insulini ya mchanganyiko, inayotakiwa kutangulia chakula kwa takriban nusu saa, kwa hivyo hesabu inakubaliana na jiko letu la dakika 37. Nasisitiza kwamba maelekezo hayo ni yake, kwa dawa yake, na mwingine aulize wanaomtibu. Tena kubadilisha chakula cha mtu anayetumia insulini bila kuwaambia wanaomtibu ni hatari nyingine, kwa sababu viazi karai vikitoka na mchicha ukaingia, kipimo cha jana cha dawa huenda kikawa kikubwa leo. Kwa mama ilikuwa hivyo: mwezi wa Juni wao wenyewe walimpunguzia kipimo cha jioni.

Suala la utamu lilikuja baadaye, na lilikuwa jepesi kuliko nilivyoogopa, kwa kuwa watu walioshiba chakula cha wakati hawatafuti sana kitu kitamu saa tatu usiku. Kaka alishuka kutoka vidonge vitatu hadi viwili, kisha kimoja, kisha sifuri, kila hatua wiki mbili, na wifi akaizidisha chai iliki na tangawizi na kijiti cha mdalasini, ili kikombe kisiwe kitupu. Katika wiki ya tano kaka alipewa chai ya vidonge vitatu kwa bahati mbaya mahali fulani alikokuwa mgeni, akashindwa kuimaliza. Uji wa wadogo ulitiwa ndizi iliyoiva sana na kupondwa. Mdogo alisusa siku nne, na siku ya tano njaa ikamshauri. Sharubati ya chupa ilikoma, na sasa kuna maji, madafu mara moja moja, na maji ya ukwaju yaliyozimuliwa sana yenye sukari kidogo iliyopimwa. Kaka alileta chupa ya asali akisema hii ni ya asili. Ilinibidi nimweleze kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015 unaotaka sukari za kuongezwa zisizidi asilimia 10 ya nguvu tunazokula kwa siku, na ikiwezekana zishuke chini ya asilimia 5, ambazo ni yapata vijiko sita vya chai, huihesabu asali pamoja na sukari, na maji ya matunda pia. Soda yake ya kazini hajaiacha, na sijamsukuma.

Mama amebaki na vidonge vyake, viwili kwa siku, na si sukari tena kwa jina. Binti mkubwa ndiye aliyetunga majina mapya na kuyaandika kwa kalamu nene: kikasha cha sakarini ni "vitamu", dawa za mama ni "dawa ya bibi" na ziko kabati jingine, na neno "sukari" limerudishiwa mwenyewe. Iko ndani ya kopo jekundu linaloning'inia kwenye msumari karibu na kitanda cha mama, katika vipakiti sita vya karatasi, kila kimoja vijiko vinne vilivyosawazishwa, na kingine kimo katika mkoba wake wa kwendea msikitini. Watoto wote watatu, hata wa miaka sita, wameonyeshwa jinsi ya kukifungua na kukikoroga kwenye nusu bilauri ya maji.

Hewa ya Likoni ina unyevu, na sukari iliyokaa kwenye karatasi hugandamana. Kwa hivyo Jumapili ya kwanza ya kila mwezi binti huvitoa vile vipakiti, huvibadilisha kwa vipya, na vile vya zamani humpa mama yake, ambaye huvipondaponda na kuvitia kwenye unga wa mahamri ya siku hiyo, pamoja na iliki nyingi kuliko zamani.